Mdomo wa Meya

Mkubwa akipanda jukwaani huku kwetu mashariki, macho ya watu wote humfuata yeye. Ni kosa. Wa kutazamwa ni yule anayesimama kushoto kwake, kwenye kipaza sauti cha pili, ambaye sura yake haipo kwenye bango lolote. Mkubwa husema maneno matano ya Kiingereza, akameza mate, akangoja. Huyo wa kushoto ndiye anayeyageuza yakawa maneno ya kueleweka, ndiye anayechekesha, ndiye anayeapa. Na desturi yetu ni moja: mkalimani hasemi "anasema atawajengea." Husema "nitawajengea." Akiwa pale juu hana nafsi yake, amevaa ya mwingine.

Mjini Mbale, kwa miaka mitano na ushei, mdomo huo wa pili ulikuwa wa Mariat, fundi cherehani, mjane wa koplo wa polisi. Bwana mwenyewe alikuwa Norman Wepukhulu, muuza saruji aliyekuwa meya, kisha mbunge, kisha waziri mdogo. Kila ngazi aliyoipanda, Mariat alikuwa chini yake ameishikilia. Nawaambia mapema ili msije mkashangaa mbele: ngazi hupandwa na mmoja, na aliyeishika hubaki chini.

Mariat alizaliwa Busiu, kwenye barabara ya Tororo, binti wa Mwislamu mmoja aliyenunua mahindi ya wakulima na kuyapakia kwenye malori. Nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya madereva na wapagazi, akakinywa pamoja na uji. Akiwa na miaka kumi na tisa aliolewa na Siraje, askari wa polisi kutoka Nile Magharibi, Mwislamu mwenzake, mtu mpole asiyejua kugombana hata na mbu. Walipelekwa Jinja, wakakaa kambini miaka kumi na mmoja. Huko ndiko Mariat alikopata masomo yake ambayo hayana cheti. Kiteso alijifunza kwenye ugomvi wa bombani, Kiacholi alijifunza kwa kuzalisha majirani, Kisoga sokoni, Kiingereza kwa kuwashonea wake wa maofisa. Na juu ya zote kikawapo Kiswahili cha kambini, kisichojua ngeli wala kuzijali, lakini ndicho kilichowafanya wake wa askari wa makabila manane waombane chumvi.

Siraje alihamishiwa Mbale, akafia huko, homa ya siku tatu tu. Mjane wa askari hupewa miezi mitatu ya kuondoka kwenye nyumba ya serikali. Mariat alibeba cherehani yake, godoro na fremu ya picha ya marehemu, akahamia Laini.

Laini ilikuwa safu za nyumba za matofali ya udongo nyuma ya maghala, katika kitongoji cha viwanda. Aliyeianzisha ni Mzee Gaster, askari magereza mstaafu, Mjapadhola wa upande wa Tororo, aliyepima viwanja kwa hatua zake mwenyewe na kuzinyoosha nyumba kama gwaride. Nyumba zilikuwa tisini na nne. Wakazi walikuwa wastaafu na wajane wa polisi, magereza na jeshi, watu wa kaskazini na mashariki ambao kwao wamekwisha kusahaulika au kusahau. Kila Jumapili baada ya kanisa Mzee Gaster alisimama uwanjani akaita namba za nyumba, moja hadi tisini na nne, na kila nyumba ikaitika. Waislamu nao walikuja kuitika. Mtu aliyezoea kuhesabiwa maisha yake yote asipohesabiwa hukosa usingizi. Ya Mariat ilikuwa thelathini na moja.

Jirani yake wa thelathini na mbili alikuwa Gorreti, mjane wa Kiacholi, mwenyewe askari magereza mstaafu, mwanamke wa mabega mapana na maneno machache. Mariat alipohamia na msiba wake mbichi, Gorreti ndiye aliyelala naye chumbani siku arobaini asije akalia peke yake. Binti yake Gorreti, Daphine, alikua akiingia nyumba zote mbili bila kubisha hodi. Urafiki wa namna hiyo hauna haja ya kusifiwa, ulikuwepo tu kama ukuta ulivyo.

Norman alipokuja Laini mara ya kwanza alikuwa anataka umeya. Alianza kwa Kiingereza, watu wakamtazama. Akajaribu Kiganda, wakamtazama zaidi. Akamwinamia Mariat, aliyekuwa amekaa mbele na cherehani yake, akamwambia kwa Kimasaba, lugha ya kwao wote wawili, kwamba Kiswahili hakiwezi. Askari wa enzi za utawala wa jeshi, alisema, walimpiga baba yake hadi akapoteza sikio moja, nao walimpiga kwa lugha ile. Tangu hapo ulimi wake unakataa. Mariat alimwonea huruma. Wako wengi kwetu ambao wakisikia Kiswahili husikia kwanza kitako cha bunduki. Basi akasimama, akapokea kipaza sauti, akaanza kusema "mimi Norman" kwa sauti ya kike, na Laini nzima ikaangua kicheko. Norman naye akacheka. Siku hiyo akapata kura, na Mariat akapata kazi.

Tusimnyime haki yake. Akiwa meya alileta bomba la maji Laini na taa mbili za barabarani. Alimnunulia Mariat cherehani ya umeme. Alimpa kiti ndani ya gari lake, cha nyuma kabisa, lakini ndani, na askari waliokuwa wakimpita Mariat bila salamu wakaanza kumpigia saluti ya utani: "Afande Mkalimani." Alipenda. Angekuwa malaika asipende?

Ila kazi ile ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo ulimwingia taratibu. Norman alikuwa mtu wa maneno makavu. Alisema "maskini wa hapa" na Mariat akageuza "wazee wetu mliolitumikia taifa." Alisema "tutatafuta namna" na Mariat akageuza "nitahangaika usiku na mchana." Alitia sukari kidogo, kisha vijiko viwili, kisha akasahau kupima. Watu wakishangilia, Norman alingoja kelele zipoe, akainua vidole viwili kumwashiria kwamba anaendelea. Wakishuka jukwaani alimpigapiga begani akamwambia leo amesema vizuri. Mariat aliamini kwamba mheshimiwa anapima tu furaha ya watu, maana maneno yenyewe hayajui.

Mwaka ule Norman alipoamua kwamba umeya umembana na anautaka ubunge, ndipo lilipokuja jambo la ardhi. Mwekezaji mmoja alikuwa na hati ya kiwanja chote nyuma ya maghala, akitaka kujenga kiwanda cha mabati. Hati ilikuwa halali au haramu, hilo waliachiwa mawakili. Karani wake alikuja na karatasi: kila nyumba itakayotia sahihi kabla ya mwezi kwisha itapewa kiwanja Busiu, na itaondoka bila ugomvi. Asiyetia sahihi, ofa imempita. Ilikuwa ofa ya haki kuliko tulivyozoea. Busiu kuna udongo wa ndizi na barabara mlangoni. Gorreti alikwenda kuvitazama viwanja, akarudi na donge la udongo kwenye leso, akamwonyesha Mariat, wakaunusa wote wawili.

Lakini Laini ilikuwa imezeeka. Wengine hawakutaka kujenga upya kwa magoti yale. Wakasema wamngoje Meya. Siku nane kabla ya mwezi kwisha, Norman alileta mkutano wake wa kampeni palepale uwanjani pa kuitiana namba.

Asubuhi ya siku hiyo, ndani ya gari, Mariat alimwuliza habari ya Laini. Norman alikuwa akisoma simu yake. Akajibu kwa Kimasaba, bila kuinua macho: "Watu wako wale, mama, nani anaweza kuwaondoa?" Mariat akaliweka neno hilo kifuani kama hati. Hakuuliza mara ya pili. Mtu akipenda kuamini jambo, haulizi mara ya pili.

Mkutano ulijaa. Norman alisema habari za barabara, za vijana, za hospitali. Kisha akafika kwenye ardhi. Alisema kwa Kiingereza, polepole, kwamba kuhusu suala la ardhi, ameshalisikia na atalitazama. Akanyamaza, akangoja.

Mariat aliwatazama watu uwanjani. Mzee Gaster alikuwa ameegemea fimbo, kofia mkononi. Gorreti alikuwa mstari wa mbele, karatasi ya Busiu imekunjwa mara nne mkononi mwake, kalamu ya Daphine imechomekwa kwenye nywele. Nyuso zote zilimwelekea Mariat. Hazikuwa zinamwelekea Norman. Alijua wanachotaka kusikia, na alikuwa na neno la garini kifuani, na mdomo wake ulikuwa umezoea sukari.

Akasema: "Hapa ni kwenu. Mimi nikiwa hai, hakuna mtu atawatoa hapa. Karatasi ya Busiu msitie sahihi."

Kelele zile zilisikika mpaka barabara kuu. Wanawake walipiga vigelegele, wazee wakapiga saluti. Gorreti aliichana karatasi yake vipande vinne, akavitia mfukoni mwa gauni kwa sababu si mtu wa kuchafua uwanja. Na Norman? Norman alitabasamu, akangoja kelele zipoe, akainua vidole viwili.

Hakuna hata nyumba moja iliyotia sahihi. Mwezi ukaisha, viwanja vya Busiu vikagawiwa watu wengine. Siku ya kura, Laini ilipanga foleni tangu alfajiri, namba kwa namba kama kawaida yao. Norman alishinda kwa tofauti ya kura mia mbili na kumi na mbili. Laini peke yake ilikuwa na wapiga kura mia tatu na zaidi, kwa hiyo hesabu mnaijua. Baada ya miezi michache akateuliwa waziri mdogo. Mariat alishona bendera ndogo za kumkaribisha, lakini mkutano wa kushukuru haukuja. Gari lenye kiti cha nyuma lilihamia Kampala.

Kilichokuja ni watu wawili na kopo la rangi nyekundu. Walichora alama ya msalaba wa kulala kwenye kila ukuta, nyumba ya kwanza hadi ya tisini na nne, wakabandika ilani ya siku thelathini.

Watu walikuja kwa Mariat kwa heshima mwanzoni. Walimwomba ampigie simu mheshimiwa. Alipiga. Iliita, kisha siku nyingine haikuita. Alikwenda Kampala mara mbili, akakaa kwenye benchi, akarudishwa na askari wa mlangoni kwa Kiswahili kizuri. Siku ya kumi na mbili Daphine alikuja na simu yake. Alikuwa amerekodi mkutano ule wote, akasema hii itakuwa ushahidi, waipeleke kwenye redio, nchi nzima isikie waziri alivyoahidi. Wakakaa watatu, Gorreti, Daphine na Mariat, wakaisikiliza. Sauti ya Mariat ilitoka safi, yenye nguvu. Na chini yake, kabla yake, ikasikika sauti ya Norman, kavu, inayosema kwamba atalitazama.

Daphine aliirudisha nyuma, akaicheza tena. Gorreti akainuka, akasema anakwenda kutoa sufuria motoni. Mariat alijua kwamba nyumba ile siku hiyo haikuwa imewasha moto.

Usiseme hakujuta. Alijuta hadi chakula kikamkataa. Lakini alijishikiza kwenye jambo moja: mheshimiwa hakuelewa alichokigeuza. Akielezwa ukweli, kwamba watu walikataa viwanja kwa jina lake, hatakubali jina lake lichafuke. Atasaidia. Sikucheki, Mariat, lakini nimekaribia.

Mdogo wake Rahmah aliishi Jinja, akikaanga chapati karibu na Kimaka, kambi ya jeshi. Ndiye aliyempigia kusema waziri anakuja Ijumaa, atazungumza na familia za wanajeshi uwanjani. Ijumaa hiyo zingekuwa zimebaki siku tisa za ilani. Mariat alipanda gari alfajiri, akafika Jinja, akavaa gauni la kitenge la Rahmah ili aonekane mtu. Mahema yalikuwa yamesimikwa, viti vyeupe, wake wa askari na watoto. Alitafuta kwa mazoea kipaza sauti cha pili. Hakikuwepo. Akajiuliza nani atamgeuzia leo.

Norman alisimama. Akasalimia wakubwa wa jeshi kwa vyeo vyao, sawasawa. Kisha akaanza kusema Kiswahili.

Hakikuwa cha kubabaisha. Kilikuwa kimenyooka, chenye methali, chenye mzaha mahali pake. Aliwaambia wake wa askari kwamba alikaa Eldoret miaka saba akifanya biashara kabla hajarudi nyumbani, na kwamba Kiswahili ndicho kilichomlisha. Watu wakapiga makofi. Akaongeza kwamba wengine wanakichukia kwa ajili ya yaliyopita, lakini lugha haina kosa, mwenye kosa ni mtu. Hilo Mariat alilisema yeye, jukwaani Mbale, mwaka wa pili, la kwake mwenyewe bila kugeuza. Norman alikuwa amelihifadhi neno kwa neno.

Rahmah alimshika mkono akamwuliza kama anaumwa. Mariat alikuwa anarudi nyuma kimawazo, mkutano kwa mkutano, miaka mitano. Kila kijiko cha sukari, yule mtu alikionja. Hakuna hata neno moja lililompita. Siku ile uwanjani alisikia "msitie sahihi," akaelewa, akangoja, akatabasamu, akahesabu kura.

Baada ya hotuba alikwenda kwenye hema la wakubwa. Sam, dereva wa zamani wa meya, alikuwa mlangoni amevaa suti sasa. Alimtambua, akaona haya, akampisha. Norman aliinuka akampokea kwa mikono miwili, akamwita mama, akamkalisha. Hakusema Kimasaba. Alisema Kiswahili, kana kwamba ndivyo walivyozungumza siku zote.

Mariat alimweleza: nyumba tisini na nne, siku tisa, hakuna pa kwenda. Norman alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mama, mimi nilisema nitatazama," akasema. "Na nilitazama. Hati ya yule bwana ni safi."

"Ulisikia nilivyowaambia."

"Nilisikia."

"Mbona ulinyamaza, mheshimiwa?"

"Ningekukatiza mbele ya watu wako? Ningekuaibisha, mama. Mimi nakuheshimu."

Alilisema kwa upole, na nadhani aliliamini. Ndiyo maana watu kama yeye hupanda. Mariat akasema tu kwamba wale walikataa viwanja kwa ajili ya ahadi. Norman akamwuliza, ahadi ya nani? Akampa Sam ishara. Sam akaleta bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi ya kiwanja kimoja, Busiu, jina la Mariat limeshapigwa chapa. Norman alisema alimkumbuka siku ileile, alimwekea chake kabla mwezi haujaisha. Cha wengine hakuweza. Afadhali asiwaonyeshe.

Ningependa kuwaambia kwamba aliitupa. Mkono wake uliipokea, kwa adabu, kama mkono wa mtu yeyote unavyopokea kitu kinachotolewa na mkubwa. Kwenye gari la kurudi Mbale aliikalia.

Kwa yaliyofuata namsifu, na ndiyo sifa yangu ya mwisho kwake. Jumapili, Mzee Gaster alipomaliza kuita namba, Mariat aliomba kusema. Alisimama bila kipaza sauti. Akawaambia yote: neno la garini, Kiingereza cha Norman, Kiswahili cha Kimaka, bahasha. Akasema maneno ya "msitie sahihi" hayakuwa ya meya. Yalikuwa yake. Akaitoa karatasi, akamwendea Gorreti, akamwekea mapajani. Akamwambia yeye ndiye aliyenusa udongo ule kwanza, akajenge.

Alitegemea matusi. Alikuwa amejitayarisha hata kwa mawe. Gorreti aliisoma karatasi kwa utulivu, akaikunja mara nne, akanyoosha mkono kumrudishia.

"Maneno ya kuangalia-angalia, sisi iko najua," akasema. "Ofisi ya pensheni, miaka ishirini wanasema hivyo kwa Kizungu. Askari gani hapana jua ile? Sisi yote ilisikia yeye vizuri."

Mariat hakuelewa. Akauliza, kama walisikia, walishangilia nini?

"Wewe. Wewe nakaa na yeye ndani ya gari. Sisi nasema, Mariat hawezi kusema bure, Mariat anajua kitu." Gorreti alimtazama sasa. "Ule mtu, sisi hapana pigia yeye kura. Sisi napigia wewe."

Watu wakatawanyika. Hapakuwa na mawe. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, ila hawakusema wa kwao humtazama vipi mezani. Kabla ya siku thelathini kwisha kulibaki Jumapili moja ya kuitana, na Mzee Gaster, mtu aliyenyoosha safu zote zile, aliita thelathini, ikaitika, akaita thelathini na mbili. Mariat alikuwa amefungua kinywa kuitika. Akakifunga.

Mashine zilikuja Jumatano asubuhi. Nyumba za udongo hazina ubishi, hadi saa sita zilikuwa zimelala. Watu waligawana: wengine kaskazini kwa ndugu wasiowajua, wengine vyumba vya kupanga mjini, watano kwenye chumba kimoja. Gorreti na Daphine walipata kibanda nyuma ya nyumba ya padri. Mariat alingoja siku tatu chini ya turubai kuona kama kuna atakayemwambia neno, kisha akaenda Busiu, maana karatasi ilikuwa na jina lake na mvua ilikuwa inakuja.

Yuko huko. Ana nyumba ya vyumba viwili na migomba sita, anashona sare za shule. Cherehani ya umeme aliiuza, anashona na ile ya kukanyaga. Udongo ni mzuri kweli. Waziri anasikika redioni, wanasema safari ijayo anaweza kuwa waziri kamili, na wanasifu Kiswahili chake.

Mwaka huu Mzee Gaster alifariki. Walimzika kwao, mbele ya Busiu upande wa Tororo, na Laini nzima, iliyosalia, ilikuja kwa lori la kukodi. Mariat alilisikia likipita mlangoni pake wakiimba. Hawakusimama. Akajifunga kitenge, akapanda bodaboda, akalifuata. Alikuwa amemshonea marehemu shati la sare, la magereza, na cheo chake cha mwisho begani. Alilikabidhi kwa wafiwa, likapokelewa, marehemu akavikwa. Akakaa nyuma na wanawake wa kijiji wasiomjua.

Baada ya mazishi, Gorreti ndiye aliyesimamia vyakula, kama alivyosimamia kila msiba Laini. Alipita na mwiko mkononi akikagua nani hajala, akafika alipokaa Mariat, akasimama. Hatua tatu baina yao. Mariat aliinuka, akamwamkia kwa jina la mtoto wake, kama zamani, Mama Daphine, akamwuliza habari za mguu uliokuwa ukimsumbua.

Gorreti aligeuza uso. Daphine alikuwa pembeni ameshika sinia.

"Ambia mama huyu," Gorreti akamwambia binti yake, kwa Kiswahili chao kilekile cha kambini, "chakula yake iko nyuma ya nyumba."

Daphine alimtazama mama yake, kisha Mariat. Akaweka sinia chini. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini alikuwa ameambiwa, akasema.

"Mama, anasema chakula yako iko nyuma ya nyumba."

"Nimesikia," Mariat alitaka kusema. Badala yake akamgeukia Daphine. "Mwambie nashukuru," akasema, akangoja mpaka ikafikishwa.